Ofa ya "nunua 2 upate 1", pakiti kubwa, jumla au kadogo: ipi inaokoa pesa yako?

Mishahara ikiingia, supamaketi za Nairobi, Nakuru, Kisumu na Mombasa hubadilika rangi. Kila ncha ya rafu hubandikwa karatasi nyekundu na za manjano: nunua 2 upate 1 bure, 3 kwa 250, ya pili nusu bei. Watu hupanga foleni na toroli zilizojaa, na tarehe 20 ikifika nyumba nyingi zina sabuni ya kutosha miezi mitatu lakini hazina pesa ya mboga. Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu ofa hizi. Nyingi si za uongo. Ila ofa inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikakuacha na pesa kidogo kuliko kama hungeiona.

Sababu ni kwamba tunailinganisha na kitu kimoja tu, yaani bei ya kawaida iliyoandikwa pembeni yake. Mnunuzi ana njia nyingine tatu: pakiti kubwa iliyo rafu ya chini, bei ya jumla mkigawana na wenzako, na kadogo, yaani kipimo kidogo cha shilingi chache kwenye duka la mtaani. Akiba haisomwi kwenye ule mstari wa risiti unaosema umeokoa kiasi fulani. Inaonekana ukijiuliza ni shilingi ngapi zingetoka mfukoni mwezi huu kama karatasi ile nyekundu isingekuwepo.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne nitazipima kwa mambo manne yale yale.

Kwanza, bei kwa kipimo: kilo moja, lita moja au nepi moja inakugharimu ngapi. Uingereza sheria inazitaka supamaketi ziandike bei hiyo kwenye lebo ya rafu. Hapa kwetu lebo mara nyingi huonyesha bei ya pakiti tu, kwa hiyo toa simu: gawa bei kwa gramu, zidisha kwa 1,000, umepata bei ya kilo.

Pili, pesa inayotoka leo. Mtu wa mshahara wa mwezi na mtu wa kibarua wanaweza kupata jumla ile ile kwa mwezi, lakini shilingi 500 za leo hazina uzito mmoja kwao.

Tatu, kitakachotumika kweli. Kilichooza, kilichopita tarehe, na kilichotumika ovyo kwa sababu kilikuwa kingi, vyote vililipiwa.

Nne, gharama za pembeni: nauli, kubeba, nafasi ya kuweka, na uhakika kwamba utakuta ulichokifuata.

Ili hesabu ionekane, tuchukue sabuni ya unga. Bei hizi ni za mfano. Weka za duka lako.

- Pakiti moja ya gramu 500 kwa 140: kilo ni 280.
- Ofa, pakiti mbili na ya tatu bure, kwa 280: kilo ni kama 187.
- Mfuko wa kilo 3 kwa 540: kilo ni 180.
- Katoni ya jumla, pakiti 12 za gramu 500, kwa 1,440: kilo ni 240.
- Kifuko cha gramu 30 kwa 10: kilo ni kama 333.

Angalia jinsi ofa ilivyoishinda jumla, jambo ambalo wengi hawalitarajii, na jinsi ilivyokaribiana na mfuko mkubwa huku ikidai karibu nusu tu ya pesa ya mfuko huo. Ofa nzuri zipo. Kazi ni kuzitambua.

Ofa ya kununua nyingi

Bei kwa kipimo. Maneno ya ofa hufanana, lakini nafuu yake hutofautiana sana. "Nunua 1 upate 1" ni nusu bei. "Nunua 2 upate 1" ni theluthi moja. "Nunua 3 upate 1" ni robo, na "ya pili nusu bei" nayo ni robo hiyo hiyo, ingawa masikio yetu husikia neno nusu. Halafu kuna ile ya "3 kwa 250" ambapo moja ni 90. Tatu zingekuwa 270, umeokoa shilingi 20, kama asilimia 7. Kama chapa iliyo kando yake inauzwa 75, tatu ni 225, na ofa imeshindwa na bidhaa isiyokuwa na karatasi yoyote.

Chunguza pia kama vitu vya ofa vina ukubwa uleule wa kawaida. Pakiti zilizofungwa pamoja kwa utepe wakati mwingine ni za ukubwa mdogo kuliko ile uliyoizoea, na ile ya bure ni ndogo zaidi. Soma gramu kabla ya kusoma bei.

Jambo lingine ni bei ya moja kupandishwa ofa inapoanza, ili nafuu ionekane kubwa. Uingereza shirika la kutetea wanunuzi la Which? lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya huko Aprili 2015, likitaja mbinu kama hizo. Mamlaka ilijibu Julai mwaka huo kwamba tatizo halikuenea kila mahali, lakini mifano ya ofa za kupotosha ilikuwepo. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Lakini sheria haitakusaidia ukiwa hukumbuki bei ya wiki iliyopita. Andika kwenye simu bei za vitu kumi unavyonunua kila mwezi. Hakuna silaha rahisi kuliko hiyo.

Pesa inayotoka leo. Hapa ofa huwa katikati. Ulikuwa ununue pakiti moja kwa 140, sasa unatoa 280. Ukiwa na pesa hiyo, sawa. Ukiichukua Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, ili usikose ofa, kumbuka unalipa ada ya asilimia 1 ya kuichukua na ada nyingine ya kila siku deni likikawia. Ofa ya asilimia 7 iliyonunuliwa kwa deni la wiki mbili ni hasara.

Kitakachotumika kweli. Hiki ndicho kigezo kinachoziangusha ofa nyingi, na ningependa ukae nacho kidogo. Tuseme mtindi wa 150 una ofa ya nunua 2 upate 1. Umelipa 300, umebeba mitatu. Mkimaliza yote, kila mmoja umekuwa 100. Mkimaliza miwili na wa tatu ukachacha, umelipa 150 kwa kila mmoja, bei ile ile ya kawaida. Mkimaliza mmoja tu, umeulipia 300. Faida yote ya ofa hii imekaa ndani ya kile kipande cha mwisho. Usipokitumia, hukupata ofa. Na vyakula vya ofa mara nyingi ndivyo vilivyobakiza siku chache kufika tarehe ya mwisho, kwa hiyo igeuze pakiti uisome, hasa maziwa, mtindi, soseji, mkate na juisi.

Kwa sabuni au tishu za chooni hali ni tofauti kabisa. Haviozi, na vitatumika tu. Hata hivyo kuna vitu ambavyo vikiwa vingi nyumbani huliwa haraka: biskuti, soda, krisps, juisi. Oktoba 2015 Public Health England, lililokuwa shirika la afya ya umma la England, lilichapisha ripoti kuhusu sukari. Ilionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya pesa ambazo Waingereza walitumia kwa vyakula na vinywaji vya kupeleka nyumbani zilikwenda kwa bidhaa zilizokuwa kwenye ofa za bei, na kwamba ofa hizo ziliongeza kiasi kilichonunuliwa kwa kama moja ya tano. Kwa maneno mengine watu hawakuwa wakinunua kile kile kwa bei nafuu. Walikuwa wakinunua zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, biashara zenye wafanyakazi 50 au zaidi nchini England haziruhusiwi kuweka ofa za aina hii kwenye vyakula vyenye mafuta, sukari au chumvi nyingi. Lengo lao ni afya, lakini funzo la mfuko ni lile lile: soda ya bure inayonyweka siku hiyo hiyo haikuokoa chochote, kwa sababu kesho utanunua nyingine.

Gharama za pembeni. Ofa ya sabuni ya mfano wetu inaokoa 140 ukilinganisha na kununua pakiti tatu moja moja. Matatu ya kwenda na kurudi ikiwa 100, umebaki na 40. Kama ulikuwa uende dukani hata hivyo, nauli isihesabiwe. Kama umetoka nyumbani kwa ajili ya ofa pekee, ihesabu yote. Na ofa haingoji mtu: ukifika jioni ya Jumamosi rafu inaweza kuwa tupu, nawe ukajikuta umenunua kitu kingine ili usirudi mikono mitupu.

Nani inamfaa: mwenye pesa mkononi, familia ya watu wanne kwenda juu, na bidhaa isiyoharibika ambayo ingenunuliwa hata bila ofa.

Anayeishi peke yake husaidiwa zaidi na ofa ya aina nyingine, ile inayoshusha bei ya kipande kimoja. Sainsbury's ya Uingereza ilitangaza Februari 2016 kwamba itaacha ofa za kununua nyingi na kushusha bei za kawaida badala yake. Ningefurahi kuona maduka yetu yakifuata njia hiyo, kwani nafuu inayomfikia aliyenunua kimoja inamfikia kila mtu.

Pakiti kubwa

Bei kwa kipimo. Kwa kawaida hushuka kadiri pakiti inavyokua. Kwa kawaida, si daima. Wakati ofa inaendelea kwenye pakiti ndogo, kubwa inaweza kuwa ghali kwa kilo, na hata siku za kawaida kuna mafuta ya lita 5 yanayozidi bei ya mitungi mitano ya lita moja ya chapa nyingine. Piga hesabu kila mara. Inachukua nusu dakika.

Pesa inayotoka leo ni nyingi, na hapo ndipo pakiti kubwa huwafungia wengi mlango.

Kitakachotumika kweli. Unga wa mahindi na mchele huingia wadudu vikikaa, na pwani unyevu huharibu mapema zaidi kuliko Limuru au Eldoret. Mafuta yakishafunguliwa huanza kubadilika harufu baada ya muda, hasa yakikaa karibu na jiko. Halafu kuna tabia: sabuni ikijaa kopo, mkono unaomimina huwa mwepesi. Dawa yake ni kupunguza kwenye chombo kidogo cha wiki moja na kufungia mfuko mkubwa juu ya kabati.

Gharama za pembeni. Mchele wa kilo 10 kwenye matatu ni mzigo, na konda anaweza kukudai nauli ya ziada. Lakini uhakika upo: pakiti kubwa ipo leo na wiki ijayo, huhitaji kukimbizana na tarehe ya ofa.

Nani inamfaa: nyumba yenye matumizi yanayotabirika na mahali pakavu pa kuhifadhi.

Jumla kwa kugawana

Bei kwa kipimo. Nafuu kubwa ya jumla iko kwenye nafaka na mazao kuliko kwenye bidhaa za viwandani. Gunia la maharagwe la kilo 90 kutoka Nyamakima jijini Nairobi, au mboga na viazi kutoka soko la Kongowea, Mombasa, hukupa bei ambayo supamaketi haiwezi kuikaribia. Kwenye sabuni na mafuta tofauti huwa ndogo, kwa sababu viwanda hugharamia ofa za supamaketi kubwa moja kwa moja ili bidhaa zao zikae mahali panapoonekana.

Gharama hiyo si ndogo kwa mzalishaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya takriban shilingi bilioni 1.1, baada ya kukuta kwamba ilitumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wauzaji wake wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Suala mojawapo lilikuwa mapunguzo ambayo wauzaji hao walitakiwa kuyatoa. Nalitaja kwa sababu bei ya chini kwenye rafu hulipwa na mtu fulani, na si lazima awe mwenye duka.

Pesa inayotoka leo. Mkigawana wanne, katoni ya 1,440 ni 360 kila mmoja, na bale la unga lenye pakiti 12 za kilo 2 linawapa pakiti tatu tatu. Chama ambacho tayari hukutana kila mwezi ndicho mahali pazuri pa kuanzia.

Kitakachotumika kweli. Hapa jumla hufanya vizuri kuliko inavyosifiwa, kwa sababu kila mtu huchukua kiasi cha nyumba yake.

Gharama za pembeni ndizo nzito: muda, mkokoteni au bodaboda, na maelewano. Urafiki umevunjika kwa sababu ya kilo mbili za maharagwe. Pesa zikusanywe kabla ya safari, risiti ipigwe picha na kutumwa kwa wote, na kupima kufanywe kwa mizani, si kwa kukadiria kwa gorogoro.

Nani inamfaa: majirani wanaoaminiana, vyama vya akina mama, na mwenye mgahawa au kibanda cha chakula.

Kadogo ya mtaani

Bei kwa kipimo. Ni ya juu kuliko zote, na sitaificha. Nyumba inayotumia kilo moja ya sabuni kwa mwezi, kwa mfano wetu, hulipa 333 badala ya 180. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 1,800 kwa bidhaa moja. Ongeza sukari ya robo, mafuta ya kupima na majani ya chai ya shilingi kumi, na unaona jinsi asiye na pesa ya mkupuo anavyolipa zaidi kuliko mwenye nazo. Hili linaniuma, na siwezi kumwambia mtu wa kibarua kwamba kosa ni lake.

Pesa inayotoka leo. Hapa kadogo haina mpinzani. Ukiwa na 50, unapata mafuta, nyanya na chumvi, na watoto wanakula.

Kitakachotumika kweli. Karibu chote. Hakuna kinachochacha, na kifuko cha gramu 30 kinafua nguo ulizokusudia kufua basi.

Gharama za pembeni. Hakuna nauli, duka liko wazi usiku, na mwenye duka anayekujua ataandika kwenye daftari lake ukiwa umekwama, mara nyingi bila kudai nyongeza. Huduma hiyo ina thamani ambayo hesabu ya kilo haiioni. Kwa mboga za majani, nyanya na vitunguu, mama mboga huwa nafuu kuliko supamaketi hata bila ofa yoyote.

Nani inamfaa: anayelipwa kwa siku, anayeishi peke yake na kupika mara chache, na yeyote anayenunua kitu cha kuharibika.

Kulingana na hali yako

Ukipokea mshahara wa mwezi na nyumba ina watu wengi: panga vitu visivyoharibika kwanza. Linganisha ofa na pakiti kubwa kwa bei ya kilo, chukua iliyo chini, na uache ofa za vitafunio na soda zipite hata zikiwa nusu bei. Nafaka, jaribu jumla.

Ukiishi peke yako: ofa ya vitu vitatu ikufae kwa tishu, dawa ya meno na sabuni tu. Kwa chakula, tafuta bei ya kimoja iliyoshuka, au tafuta jirani mgawane ofa pale pale mlangoni mwa duka. Hilo la mwisho linafanya kazi kuliko watu wanavyofikiri, hasa kwa wanafunzi wanaokaa hosteli moja.

Ukilipwa kwa siku: usijilazimishe kuruka kutoka kadogo hadi mfuko wa kilo 3. Chagua bidhaa moja tu inayokula pesa nyingi, labda mafuta au sukari, na siku ya kazi nzuri uinunue kwa pakiti ya kati. Wiki inayofuata zile shilingi ambazo zingekwenda kwenye vifuko ziweke kando kwa bidhaa ya pili. Endelea na kadogo kwa vingine bila aibu.

Ukiwa na deni la simu: lipa deni kwanza. Ofa nyingi hurudi, mara nyingi mwezi unaofuata na kwa chapa ile ile.

Ukiishi mbali na supamaketi: nenda mara moja kwa mwezi ukiwa na orodha iliyoandikwa nyumbani, na ofa uichukue ikiwa tu kitu hicho kiko kwenye orodha. Safari ya katikati ya mwezi kwa ajili ya ofa moja ifanye pale tu akiba inapozidi nauli ya kwenda na kurudi.

Ukiwa na mtoto mchanga: nepi ndizo zinazotega zaidi. Bei kwa nepi moja kwenye pakiti kubwa au ofa ya pakiti mbili huvutia, na mara nyingi ni ya kweli, lakini mtoto huongezeka uzito haraka katika miezi ya mwanzo na saizi inabadilika. Nunua pakiti moja moja hadi akae kwenye saizi moja kwa muda, kisha ndipo uchukue ofa. Kama tayari umebaki na pakiti isiyofunguliwa, ulizia duka kama wanakubali kubadilisha saizi ukiwa na risiti.